Jiwe la Msingi Lina Jina la Mgeni

Shule nyingi za upili mashambani Kenya zina jiwe la msingi. Liko ukutani karibu na ofisi ya mwalimu mkuu, au kwenye pembe ya darasa la kwanza kujengwa. Ukilisoma litakuambia kwamba jengo hili lilifunguliwa rasmi na Mheshimiwa fulani, Mbunge, au Waziri, au Rais mwenyewe, tarehe fulani. Basi. Aliyekata utepe anajulikana. Aliyebeba mchanga kutoka mtoni kwa karai hajulikani. Aliyeuza mbuzi hajulikani. Mama aliyeleta debe la mahindi siku ya mchango, likapigwa mnada mbele ya umati, naye hayupo.

Nataka kuandika juu ya hawa wasio kwenye jiwe. Historia ya elimu tunayofundishwa huanza na misheni, kisha serikali ya mkoloni, halafu Tume ya Ominde ya 1964, halafu 8-4-4 ya 1985, halafu CBC. Ni historia ya kamati na ripoti. Lakini ukiuliza swali moja tu, nani alilipa, unapata historia nyingine kabisa. Kumbe shule nyingi tunazoziita za serikali hazikujengwa na serikali. Zilijengwa na wanakijiji, serikali ikaja baadaye na bango.

Tuanzie mbali kidogo. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, huko Nyanza, John Owalo alijitenga na wamishonari akaanzisha Nomiya Luo Mission, na wafuasi wake wakawa na shule zao. Hilo lilikuwa jambo la ajabu wakati huo, maana shule na misheni vilikuwa kitu kimoja. Ukitaka kusoma, sharti ubatizwe. Ukigombana na kasisi, mtoto wako amefukuzwa shule.

Ugomvi mkubwa ulikuja 1929, kwa Wakikuyu. Misheni, ile ya Church of Scotland ikiwa mstari wa mbele, zilikuwa zinapiga vita tohara ya wasichana. Walimu na waumini wakatakiwa kuapa kwamba wameiacha, na kuweka alama ya kidole. Watu wakakiita kiapo hicho kirore. Wengi walikataa, wakatoka kanisani, na watoto wao wakajikuta nje ya darasa. Wacha tuseme ukweli: mila iliyogombaniwa ni ukeketaji, na Kenya yenyewe iliupiga marufuku kwa sheria ya 2011. Siwezi kuitetea. Lakini kilichotokea baada ya ugomvi kilikuwa kikubwa kuliko ugomvi wenyewe. Wazazi walijiuliza: ni lazima shule iwe ya mzungu?

Wakajibu kwa kujenga. Kukatokea Kikuyu Independent Schools Association, kwa kifupi KISA, na wenzao wa Karing'a ambao walikuwa wakali zaidi katika kukataa misheni. Ardhi ilitolewa na ukoo au na mtu mmoja. Miti ilikatwa, matope yakapondwa, nyasi zikaezekwa. Mwalimu alilipwa na wazazi. Hakuna mfadhili, hakuna ruzuku ya maana. Watu hawa walikuwa tayari wanalipa kodi ya nyumba kwa mkoloni, kodi ambayo ingepaswa kuwajengea shule. Kwa hivyo walipochanga walikuwa wanalipa mara ya pili. Shika hilo, maana linarudi.

Tatizo la shule hizi likawa walimu. Utawapata wapi, na vyuo vya ualimu ni vya misheni na serikali? Mbiyu wa Koinange, mtoto wa Chifu Mkuu Koinange, alikuwa amerudi kutoka Marekani na shahada ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka wa 1939 chuo kikafunguliwa Githunguri, Kiambu, kufundisha walimu wa shule huru. Pesa zilitafutwa kwa njia ambayo kila Mkikuyu aliielewa: kwa marika. Waliotahiriwa mwaka mmoja walikuwa rika moja, na rika moja halikubali kushindwa na jingine. Likitoa hili, lile linaongeza. Wanawake nao wakajipanga, wakachanga zao, na kazi yao kubwa ikawa bweni la mawe la wasichana. Fikiria hapo. Watu waliotoka misheni kwa ugomvi uliohusu miili ya wasichana, miaka michache baadaye mama zao wanatafuta pesa ili wasichana walale shuleni wasome.

Jomo Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka wa 1946 alikwenda Githunguri, na muda si muda akawa ndiye anayekiongoza chuo. Kwa mkoloni pale palikuwa mahali pa hatari. Ripoti ya Beecher ya 1949 ilikuwa imependekeza mfumo ambao watoto wengi wa Kiafrika wangeishia kwenye miaka minne ya kwanza, kisha mtihani uwachuje. Githunguri ilikuwa inasema kinyume: tutasoma hadi tutakapochoka wenyewe.

Tarehe 20 Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa. Chuo kikafungwa. Shule za KISA na Karing'a zikafungwa, nyingine zikafunguliwa tena chini ya usimamizi wa misheni au serikali. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mwanafunzi wa shule mojawapo, Manguo, na ameeleza katika maandishi yake jinsi mabadiliko hayo yalivyoingia hadi kwenye lugha ya darasani, Kiingereza kikawa bwana na Kikuyu kikawa kosa la kuadhibiwa. Na Githunguri? Mkoloni aligeuza mahali hapo kuwa pa kunyongea watu. Chuo kilichojengwa kwa senti za wakulima kikawa na kamba.

Sijui kama kuna namna ya wazi zaidi ya kuwaambia watu kwamba walichojenga si chao.

Sasa twende 1963. Tarehe 1 Juni, siku ya Madaraka, Kenyatta anasimama na kuipa nchi neno: Harambee. Halikuwa neno jipya. Watu wa Pwani walikuwa wakiliimba walipovuta au kuinua kitu kizito kwa pamoja, mmoja anaita, wengine wanaitikia na kuvuta. Kenyatta alilichukua akalifanya wito wa taifa. Watu wengi hudhani alianzisha jambo. Ukiangalia vizuri, alilipa jina jambo ambalo lilikuwa linaendelea kwa zaidi ya miaka 30, na ambalo yeye mwenyewe alilisimamia Githunguri.

Wakati huo Kenya ilikuwa na shule za sekondari 151, na wanafunzi kama 30,000 hivi, katika nchi ya zaidi ya watu milioni nane. KANU ilikuwa imeahidi miaka saba ya elimu ya bure. Serikali haikuwa na hizo pesa, na hizo ilizokuwa nazo ilizielekeza kwenye shule chache za kufundisha maafisa wa kushika nafasi za wazungu. Vijijini watu waliona hesabu haitoshi. Mtoto anamaliza shule ya msingi, nafasi ya sekondari hakuna, kazi hakuna. Basi wakafanya kile walichokijua.

Shule ya harambee ilizaliwa hivi. Wazee wanakaa, wanaunda kamati. Ukoo unatoa ekari kadhaa. Kila boma linapangiwa kiasi: pesa kwa aliye nazo, kazi kwa asiye nazo. Wanaume wanachimba mawe, wanawake wanabeba maji na mchanga. Kidato cha kwanza kinaanzia kwenye jengo la kanisa au darasa lililoazimwa shule ya msingi, kabla hata ya ukuta kusimama. Halafu kunapangwa siku kuu ya mchango. Kadi zinasambazwa kwa watu wa kijiji walio Nairobi, Mombasa, Nakuru. Mgeni rasmi anaalikwa. Watu wanakuja na walicho nacho, kuku, mayai, ndizi, mahindi, na kila kitu kinapigwa mnada. Kuku mmoja anaweza kununuliwa mara tano, kila anayemnunua anamrudisha auzwe tena. Na majina yanasomwa kwa sauti. Fulani, shilingi mia. Fulani, shilingi mbili. Makofi kwa wote, ingawa hayakuwa ya urefu sawa.

Kufikia miaka ya 1970 shule hizi zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Tulia na hilo. Kwa sehemu kubwa, upanuzi wa elimu ya sekondari Kenya ulibebwa na kamati za wazee, wengi wao wasiojua kusoma.

Zilikuwa shule nzuri? Hapa tusidanganyane. Nyingi zilikuwa duni. Mwalimu mara nyingi alikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana. Maabara ilikuwa mlango uliochorwa tu kwenye ramani. Walioingia huko ni wale waliokosa alama za kwenda shule za serikali, na karo yao ilikuwa juu kuliko ya shule za serikali. Ndiyo, umesoma sawa. Mtoto wa kwenda Alliance alilipiwa sehemu kubwa na serikali, mtoto wa mkulima aliyekosa nafasi alilipa zaidi kupata kidogo. Mtafiti Kilemi Mwiria aliandika mwaka wa 1990 juu ya mkanganyiko huo wa sera, jinsi serikali ilivyosifu shule za harambee jukwaani huku ikiziacha nyuma kwa vitendo. Na mikoa haikuwa sawa. Kwenye kahawa na chai shule zilichipuka kama uyoga. Kaskazini, ambako watu walikuwa na mifugo na ukame, harambee haikuweza kuziba pengo. Ukimwambia kila mtu ajisaidie, aliye nacho hujisaidia zaidi.

Lakini wazee hawakuwa wajinga. Walijua wanachofanya. Darasa la mawe lilikuwa barua ya maombi. Ukishajenga, ukishaweka wanafunzi, serikali itaona aibu kuwaacha. Italeta mwalimu mmoja, kisha wawili, mwishowe itaichukua shule. Na mara nyingi ilitokea hivyo. Jambo jingine: katika shule hizi, nyingi zikiwa za kutwa na za mchanganyiko, wasichana walikuwa na sehemu kubwa zaidi kuliko katika shule za serikali. Nafasi za mabweni mazuri zilikuwa za wavulana. Msichana wa kijijini akipata sekondari, uwezekano mkubwa ilikuwa ile ya harambee, karibu na kwao. Wanawake wengi waliokuja kuwa walimu na wauguzi walipitia huko.

Kuna upande mwingine ambao hadithi tamu za umoja huuficha. Mchango haukuwa hiari kila mara. Chifu alikuwa na orodha. Usipotoa, kuku wako anachukuliwa, au ukienda kutafuta barua ya kitambulisho unaambiwa kwanza lete risiti ya harambee. Kwenye vyama vya ushirika pesa zilikatwa kabla ya mkulima kuziona. Miaka ya 1970 ilipokuja mbio ya kujenga vyuo vya ufundi vya harambee, kila eneo likitaka chake, wakulima wa kahawa wa Nyeri walichangia chuo cha Kimathi kwa mazao yao. Leo ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Kule Magharibi, chuo cha WECO kilichoanza kwa mtindo huo huo ndicho leo Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Ni matunda ya kujivunia. Lakini mkulima aliyekatwa hakuulizwa, na mjukuu wake akipata nafasi pale leo hapewi punguzo kwa sababu babu alichanga.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa. Lakini kibaba ni cha nani?

Wanasiasa walilijibu swali hilo mapema. Mgeni rasmi aligundua kwamba kwa kutoa shilingi elfu kadhaa mbele ya watu elfu moja waliotoa mbilimbili, yeye ndiye anayekumbukwa. Enzi ya Moi mchezo ukakomaa. Mheshimiwa anakuja na bahasha yake, na bahasha ya Rais, na bahasha za marafiki wasiotajwa. Pesa zinatoka wapi, hakuna anayeuliza, maana mtu hamwulizi mgeni amepata wapi zawadi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tawi la Kenya la Transparency International lilipochunguza harambee zilizoripotiwa magazetini, lilikuta michango ya wanasiasa ikipanda sana karibu na uchaguzi. Jambo lililoanza kama wanyonge kuvuta mzigo pamoja likawa tajiri kujinunulia kura kwa pesa ambazo pengine ziliibwa kutoka bajeti ya elimu. Hapo sasa mwananchi amelipa mara tatu.

Serikali ya Kibaki ilijaribu kukata mzizi. Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya 2003 iliwazuia kutumia vyeo vyao kushinikiza watu kuchanga. Mwaka huo huo ikaja CDF, pesa za kodi zirudi maeneo bunge zijenge madarasa, na shule ya msingi ikawa bure. Wanafunzi wakapanda kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2 hivi. Mwaka wa 2008 serikali ikaanza kulipia masomo ya sekondari ya kutwa, shilingi 10,265 kwa mwanafunzi. Lakini nenda uangalie darasa lililojengwa na CDF. Limepakwa jina la mbunge, wengine hata picha yake, kana kwamba alitoa mfukoni. Jiwe la msingi limerudi, safari hii kwa rangi.

Na Julai 2024, baada ya vijana kujaa barabarani, Rais Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena harambee. Kwamba nchi ilihitaji tangazo hilo, miaka 21 baada ya sheria ya kwanza, inakuonyesha mzizi ulikatwa wapi. Haukukatwa.

Kuna badiliko moja ambalo naliona kubwa kuliko yote, na halizungumzwi. Harambee ya zamani ilijenga ukuta. Ukuta ni wa wote, hata wa mtoto wa asiyetoa. Lakini tangu mwisho wa miaka ya 1980, sera ya kugawana gharama ilipoingia na serikali ikaanza kuwarudishia wazazi mzigo, mchango ulihama kutoka ukuta kwenda kwa mtoto. Sasa hatuchangii shule, tunachangia karo ya mtu mmoja. Zamani kwa kadi, leo kwa kundi la WhatsApp na nambari ya M-Pesa. Hadi 2024, kila Januari makundi yalijaa picha za barua za kuitwa kidato cha kwanza, na kila Septemba hujaa za chuo.

Mimi nilikuwa mmoja wa picha hizo. Kijiji kilinichangia muhula wa kwanza, kuna daftari lenye majina, nimeliona. Mwaka wa pili karo ilikataa, mkopo ukachelewa, nikatoka. Sasa naandika kazi za hapa na pale. Nikirudi nyumbani hakuna anayenidai. Wananiuliza tu kwa upole, "Na ile shule, ulimaliza?" Hilo swali ni zito kuliko deni la benki, maana benki ina kiwango na tarehe. Ukichangiwa ukuta, mkishindwa mmeshindwa wote. Ukichangiwa peke yako, unashindwa peke yako mbele ya wote. Silaumu kijiji. Nasema tu kwamba tulipohamisha mchango tulihamisha na mzigo, tukauweka kwenye mgongo wa mtoto wa miaka 18.

Huku nyuma kuta za zamani zimebaki, na geti. Siku ya kufungua shule utaona wazazi wamepanga foleni na masanduku, wakiomba mtoto aingie huku salio likitafutwa. Wengine waliomaliza zamani bado vyeti vyao vya KCSE vimefungiwa kabatini kwa ajili ya karo, ingawa wizara imeamuru mara nyingi viachiliwe. Inawezekana kabisa, na katika nchi hii si ajabu, cheti cha msichana kikawa kimeshikiliwa katika ofisi ambayo mawe yake yalibebwa kichwani na nyanya yake.

Ndiyo maana majina yana umuhimu. Shule ikionekana kuwa zawadi ya Mheshimiwa, mzazi huja getini kama mwombaji. Ikijulikana ni nani aliijenga, anakuja kama mwenye shule, na anaweza kuuliza pesa zimeenda wapi. Na ushahidi upo bado. Madaftari ya kamati za miaka ya 1960 na 1970 yako ndani ya masanduku ya bati, chini ya vitanda vya wazee, yakiliwa na mchwa. Kuna risiti. Kuna kadi. Na kuna wazee ambao bado wanaweza kusimama uwanjani wakakuonyesha kila boma lilichimba msingi kutoka wapi hadi wapi, ila hawatakuwepo miaka mingi.

Kwa hivyo, kama shule ya kwenu ilikuwa ya harambee, usingoje wizara. Nenda kaulize daftari liko kwa nani. Lipige picha, ukurasa kwa ukurasa. Kisha peleka orodha kwa bodi ya shule, muombe ibandikwe ukutani, na aliyetoa shilingi mbili aandikwe kwa herufi za ukubwa ule ule wa mgeni rasmi.